Mkono wa Kulia wa Mwatumu

Zuwena, mpika vitumbua wa Chumbageni, hakuwahi kugombana na mama mkwe wake mpaka mtoto alipoanza kushika chakula. Mwatumu, miezi tisa tu, kila kitu alikiendea kwa mkono wa kushoto. Bibi yake, ambaye ni somo yake kwa kuwa jina ni lake, akaona haya hata kwa majirani. Mkono wa chooni uguse tonge? Akaufunga kwa kipande cha leso. Zuwena akaufungua. Kesho yake ukafungwa tena.

Lakini Zuwena naye alikuwa na hofu yake. Mkono wa kulia ulikuwa umekunja ngumi tangu arubaini. Akambeba mwanawe mpaka hospitali.

Eliudi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamwambia mtoto alipata kiharusi wakati wa kuzaliwa. Zuwena alidhani anataniwa, maana kiharusi alichokijua ni cha wazee. Eliudi akamweleza kwamba damu ilikosekana upande mmoja wa ubongo, ndiyo maana mkono na mguu wa kulia vimezubaa. Akili huenda ikachelewa, huenda isichelewe. Ila ubongo wa mtoto hufundishika: kila siku, kwa saa moja, auvishe mkono wa kushoto soksi, ili wa kulia ulazimike kucheza.

Kumbe leso aliyoipiga vita ilikuwa nusu ya dawa! Zuwena akacheka, kisha akalia. Akaweka nia moja: mkono ule utatia tonge kinywani.

Alipofika nyumbani alimpigia goti mama mkwe wake, akamweleza yote.

"Mama, nisaidie kumfunga."

Bibi akamwinua. "Nilimpiga kofi, Zuwena. Nilidhani namtia adabu."

Tangu hapo soksi ikawa ya bibi. Mtoto alipiga mayowe, majirani wakasema anateswa. Zuwena akawajibu udongo uwahi ungali maji, akaendelea kugeuza vitumbua vyake.

Sasa Mwatumu ana miaka minne. Mguu anauburuta kidogo. Kusema alichelewa, lakini siku hizi hakuna anayepata zamu ya kusema mbele yake. Juzi, siku ya Idi, sinia la pilau lilipowekwa, hakuna aliyemwambia atumie mkono upi. Akanyoosha wa kulia. Vidole vilifunguka polepole, nusu ya wali ikamwagika mkekani, na mkono ukapita kinywa chake mwenyewe.

"Somo, fungua mdomo."

Bibi akala. Kisha akainama, akaziokota punje zilizomwagika, akazila zote.