Saa Nane ya Mama Dorosela

Yonathani alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Makambako, lakini kichwani mwake mlikuwa na mambo makubwa kuliko kibanda. Alijifunza mwenyewe kuunda programu za simu, na iliyompa jina ilikuwa ya kliniki moja ya meno Njombe mjini. Mgonjwa akiwa kijijini kwake anafungua simu, anachagua siku, anachagua saa, basi.

Mwanzoni aliacha saa zote wazi, watu wakajiandikisha mpaka usiku wa manane. Daktari Matilda, mwenye kliniki, akalalamika. Yonathani akazifunga, zikabaki za kazi tu, kuanzia 8 hadi 4. Kioo kisijae maandishi, akafuta na maneno ya asubuhi na mchana. Usiku si umeshafungwa, nani tena atapotea? Daktari alimsifu, naye akarudi Makambako kifua mbele.

Tangu hapo, kila alipokwenda Njombe aliwakuta watu wamejikunyata kwenye benchi tangu asubuhi wakati zamu yao ni ya mchana. Wengine waliingia mchana, zamu yao ya asubuhi imeshapita. Oktavia wa mapokezi alisema watu wa vijijini hawajali saa. Yonathani alicheka naye.

Siku moja ya Juni, baridi imeshika kweli kweli, aliinama kwenye meza ya mapokezi akirekebisha mashine ya risiti. Akaingia mama mmoja, kitenge amekifunga kuzunguka shavu, na shavu lenyewe limevimba. Alikuwa Mama Dorosela, ametoka Mawengi kwa basi la alfajiri.

"Nina miadi ya saa nane," alisema kwa shida. "Nimewahi kidogo."

Oktavia akatazama kompyuta. "Mama, zamu yako ilikuwa saa mbili asubuhi. Imepita zamani. Leo tumejaa, uje kesho."

"Mwanangu, nilichagua nane. Tazama." Akatoa simu.

Yonathani akainua kichwa. Kwenye kioo palikuwa na namba aliyoiweka yeye mwenyewe kwa saa za Kizungu: 8. Haina asubuhi, haina mchana. Mama yule alisoma nane, akaja saa nane. Yonathani akawaelewa na wale wa kwenye benchi, waliochagua 2 wakaja saa mbili asubuhi.

Mama Dorosela akamgeukia. "Baba, wewe naona unazijua hizi. Nionyeshe nilipokosea, nisirudie."

Watu walikuwa wanatazama. Mlango wa daktari ulikuwa wazi.

"Ulibonyeza vibaya, mama," alisema Yonathani.

"Asante, baba. Nisameheni." Mama akatoka taratibu.

Yonathani alijifanya anakaza skrubu ambayo ilikuwa imekaza tayari. Kisha akaaga, akashika njia ya stendi. Nje ya kliniki akamkuta Mama Dorosela ameketi kwenye ngazi, anazungumza na mkwewe kwenye simu. "Sijaonwa. Hapana, wao hawana kosa. Ni ujinga wangu, nilibonyeza vibaya. Nimeonyeshwa na kijana mmoja, mtu mwema sana."

Yonathani akasimama pale mpaka mama alipomaliza kuongea, kisha akasema, "Mama, hukubonyeza vibaya. Programu niliitengeneza mimi. Kosa ni langu, na nililijua pale pale."

Mama Dorosela akashusha simu. "Ulilijua, ukaniacha niwaombe radhi watu?"

Yonathani akarudi ndani, akamweleza daktari mbele ya benchi lote. Mzee mmoja akasonya. Oktavia akainamisha uso. Daktari Matilda hakugomba, na hilo lilimuumiza zaidi. Alisema tu, "Mrudishe yule mama. Nitamwona baada ya hawa."

Wiki hiyo Yonathani alibadilisha kila kitu. Saa za kazi zilibaki zilezile, ila sasa ziliandikwa kwa maneno, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Daktari akamtaka pia awapigie simu mwenyewe wote waliowahi kukosa zamu.

Wengi walipokea vizuri, wengine walicheka. Odilo, mkulima wa Wanging'ombe, hakucheka. Alikuwa amechelewa mara mbili, na programu ikamfungia asijiandikishe tena. Sharti hilo nalo Yonathani ndiye aliyeliweka.

"Sasa unaweza kuja, mzee," Yonathani alimwambia. "Nafasi ipo."

"Nije kufanya nini? Jino nililing'oa mwenyewe kwa koleo. Nikajua mmenifukuza kistaarabu."

"Pole sana, mzee."

"Haya," alisema Odilo, akakata simu.

Yonathani alibaki ameshika simu mkononi. Mteja alikuwa amesimama mbele ya kibanda akiuliza bei ya kioo, akauliza mara ya pili, naye alishindwa hata kumtazama usoni.