Matembezi Kando ya Njia ya Kiboko

Mimi nikishika jambo, nyumba nzima haipumui. Mwaka ule nililishika jambo la njia ya matembezi, na kwa wiki nyingi wanafunzi wangu wa darasa la nne walinikuta mezani nachora matete badala ya kusahihisha madaftari yao.

Miaka michache nyuma ziwa lilikuwa limepanda na kula mistari miwili ya nyumba za chini, karibu na mahali mto unapoingia ziwani. Maji yalipopungua, wenye nyumba hawakurudi. Matete yakaota vyumbani, mibarika ikafika madirishani, na viboko, ambao zamani walikuwa wakijipenyeza kwenye vichochoro vyetu, wakapata ushoroba wao wenyewe kutoka majini mpaka kwenye majani ya ukingo wa mto. Kenge walirudi. Fisi maji walirudi. Pande zote mji unanguruma kwa pikipiki, na katikati umekaa msitu mdogo unaonuka matope na majani mabichi. Siku ya kwanza niliyochungulia mle, saa nne asubuhi, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Hapo hapo nilimfikiria mama yangu. Alikuwa ameteremka kutoka Rurambo, kule milimani, miaka minne kabla, ng'ombe wamekwisha na usalama umekwisha, akaja kukaa nami mjini, mtaa wa Songo. Tangu hapo hakuvuka mlango wa ua isipokuwa kwenda kanisani, na kanisa ni jengo la pili kutoka kwetu. Alisema mji hauna mahali pa kuweka mguu. Miguu ikaanza kuvimba kwa kukaa. Daktari akamwambia atembee kila siku, naye akamjibu, kwa heshima zote, kwamba atangulie yeye daktari katikati ya pikipiki zile. Nilichotaka kilikuwa hicho tu: mama yangu akanyage majani tena kabla miguu yake haijasahau. Mengine, hewa safi kwa watoto, vijana kupata mahali pa heshima pa kukaa Jumapili, yalikuwa kweli pia, lakini hayo nilikuwa nayasema mikutanoni.

Tulikuwa kamati ya watu saba, wa kanisa na wa msikiti. Prezida wetu alikuwa jirani yangu, mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu wa familia ya zamani kabisa ya mji huu, mtu anayevaa shati la pasi hata akienda kukata matete. Yeye na mimi ndio tuliokwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa. Shefu alitusikiliza hadi mwisho, akatazama mchoro wangu, akaugeuza, akautazama tena.

"Sawa," alisema. "Lakini munafungua Jumapili tu, Siku ya Mungu, na saa kumi na moja hakuna muntu ndani. Siku ya kwanza nikikuta hata mumoja, nafunga. Na hamutanirudilia."

Alikuwa na haki. Mtu akikanyagwa na kiboko, shefu ndiye anayeitwa kujieleza. Tulitoka pale tukipeana mikono barabarani kama tumeshinda uchaguzi.

Kazi ya kupanga ilinifurahisha kupita kiasi, nakiri. Ndani ya ule msitu tulikuta njia tayari: pana, laini, majani yamelala pande zote mbili, imenyooka kutoka mtoni hadi kwenye kivuli cha mtini mkubwa. Prezida alifungua mikono.

"Mwalimu, unaona? Mungu alishakata, tubakize tu kuweka ntebe."

Tukaweka benchi tatu kwenye mchoro, na ile ya kivulini nikaiandikia pembeni neno moja: mama. Kwamba njia haijikati yenyewe, hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria. Watu saba, watatu kati yetu walimu.

Jioni ile nilimwonyesha mama mchoro, nikimweleza kwa fujo zote nilizo nazo. Hakujua kusoma ramani. Aliweka kidole juu ya karatasi akauliza:

"Maji iko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na majani yenye kiboko anakula?"

Nikamwonyesha. Akavuta kidole chake polepole kutoka majini hadi kwenye majani, na kidole kikapita juu ya benchi ya kwanza, ya pili, na ile iliyoandikwa jina lake.

"Mutoto yangu," alisema, "mumeweka ntebe katikati ya njia ya ng'ombe."

"Mama, ni kiboko, si ng'ombe."

"Anatoka maji anaenda majani, anarudia mulemule. Minye naita hiyo ng'ombe. Weye unafikiri atazunguka juu ya muntu mwenye anakunywa fanta?"

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli na mimi nilikuwa nimeshapaka mchoro rangi. Usiku nilinuna. Asubuhi nikamwomba anieleze yote. Akanipangia kwa maharagwe juu ya ungo: njia yetu ipite juu, kwenye misingi ya nyumba zilizovunjika, ambako ardhi ni ngumu na kiboko hapendi kupanda; tusiivuke njia yake hata mara moja; tufungue mlango mmoja tu, upande wa mjini. Kivuli cha mtini tumwachie mwenyewe. Nilipomuuliza kama atakuja kuona, alirudi kuchambua yale maharagwe.

"Minye nitakuja kufanya nini? Munishike mukono kama mugonjwa?"

Hilo liliniuma, kwa sababu ndivyo hasa nilivyokuwa nimepanga.

Tulifyeka kwa Jumamosi tatu. Hata leo nikikumbuka Jumamosi zile damu inachemka. Vijana wa kwaya walileta mapanga, wamama wa sokoni walileta mafagio, mtu akaleta kamba ya kuzuia upande wa chini, na kila tulipofyeka sehemu, ndege weupe walikuwa wanashuka nyuma yetu kula wadudu.

Siku ya kufungua, baada ya ibada, nilimkuta mama amesimama uani amevaa sweta lake la milimani, kwenye jua kali la kiangazi.

"Nataka kuona kama mulinisikia," alisema.

Nikamwita mtu wa pikipiki kabla hajabadili mawazo. Alishuka kule chini akiwa amemkumbatia dereva kiunoni na macho amefunga. Nikampeleka kwenye benchi ya karibu na mlango. Akakaa hapo mchana mzima akitazama watu wakiingia, mmoja mmoja. Hakutembea hata hatua kumi. Nilizunguka nikicheka na kila mtu, na ndani nilikuwa nimevunjika.

Saa kumi na nusu prezida alipiga megafoni. "Tunatoka, bandugu! Tunatoka!" Hakuna aliyetoka. Kwaya ilianza wimbo mwingine. Wasichana walikuwa bado wanapigana picha. Wababa walisema wanamaliza soda. Nilikimbia huku na huku nikibembeleza, nikitishia, nikitaja kiboko, na watu walinijibu "ndiyo Mwalimu" wakabaki walipo. Sikio la kufa halisikii dawa. Shefu wa kartie alikuwa ameshafika mlangoni, anatazama saa yake.

Ndipo niliposikia mluzi. Sikuwa nimeusikia tangu nilipokuwa mdogo kule juu, nyuma ya ng'ombe: mrefu, unapanda, unakatika ghafla. Mama alikuwa amesimama. Amevunja tete refu, ameliweka begani, na anatembea, miguu yake iliyovimba ikikanyaga majani kwa nguvu, hadi mwisho wa njia. Kule akageuka, akaanza kurudi nyuma ya watu, akipiga mluzi na kugonga tete chini, kushoto, kulia. Hakumgusa mtu. Hakuna aliyeuliza yeye ni nani. Kwaya ikanyamaza, soda zikabebwa, mchungaji wetu mwenyewe akajikuta anaenda mbele na Biblia kwapani. Robo saa haikuisha, sote tulikuwa nje.

Shefu alitaka kufunga mlango. Mama akaweka tete lake katikati.

"Mumoja hayuko."

"Umehesabu, mama?" shefu aliuliza.

Hakuwa amehesabu. Kwao mchungaji hahesabu ng'ombe. Anapitisha macho, na pengo linajionyesha lenyewe.

"Ule wa shati ya pasi," alisema.

Prezida. Tulitazamana. Zilikuwa zimebaki dakika chache, na shefu alikuwa wa kwanza kuziona. Mama alirudi ndani hadi ukingoni akapiga mluzi mara tatu, na kule chini matete yakatikisika. Akatokea prezida, viatu mkononi, matope hadi magotini, anapanda mbio kutoka kwenye njia ya kiboko.

"Nilikuwa naangalia kama hakuna muntu alibakia," alisema akihema.

Shefu ndiye aliyecheka kwanza, kisha akafunga mlango. Haikuwa saa kumi na moja bado. Tukiwa bado nje ya mlango tunamkung'uta prezida, kiboko alitoka majini, jua bado liko juu ya milima. Alipita chini yetu bila haraka, akaenda moja kwa moja chini ya mtini, pale pale nilipotaka kuweka benchi ya mama.

"Kesho munafungua saa ngapi?" mama aliniuliza.

"Kesho ni Jumatatu, mama. Tunafungua Siku ya Mungu tu."

"Nani atajua hii bantu kama hakuzoea kuwaona?" Akamgeukia shefu. "Minye nitakuwa hapa kila siku."

Shefu alimtazama, akatazama tete, akasema tujaribu kufungua kila siku kwa wiki moja. Nikasimamisha pikipiki ya kumrudisha Songo, lakini mama alikuwa ameshaipita na anapanda barabara kwa miguu, tete begani, madereva wanamkwepa. Nilimfuata nikikimbia. Tulipofika darajani, mimi ndiye niliyeomba tupumzike.