Kibali Kilichoisha Saa Sita

Wiki iliyopita mgambo wa bustani aliuawa kwa mawe. Wasomaji wa Hanang na wa huku kwetu Mbulu wanajua ninayemsema, hasa waliowahi kupeleka maharusi kwenye ile bustani ya umma inayotazama mlima. Simtaji jina, kwa sababu mama yake yuko hai kule Masakta. Hajui kusoma, lakini husomewa gazeti. Nilimfahamu miaka mingi. Alikuwa mkali, mwepesi wa mkono, na sitampamba leo eti kwa kuwa amekufa. Lakini mawe yaliyomuua ni yale yaliyopakwa chokaa, yaliyozunguka maua aliyokuwa akiyamwagilia mwenyewe, na tangu niambiwe hivyo sijalala vizuri.

Kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha hakuna mpiga picha wa kulipwa anayefanya kazi bustanini bila kibali cha ofisi. Wewe na simu yako ulipita tu. Mwenye kamera kubwa na taa zake alionyeshwa rungu kwanza, salamu baadaye. Kuna siku alimpiga rungu la mbavu dada mmoja wa Kibarbaig mwenye studio ya picha, akiwa mjamzito, na dada wa watu akaangukia kamera yake. Ofisi ikasema italishughulikia. Akina mama wa Kibarbaig hawakuisubiri. Walikaa kikao chao, kile ambacho mwanamume hakanyagi, kisha wakaenda na fimbo zao, wakiimba, hadi nyumbani kwake. Wakatoa dume jeusi la ng'ombe zizini mwake, ndiyo faini yao, wakalichinja mbele ya macho yake, wakalila. Nilipita kwake siku chache baadaye, nikamkuta amekaa mlangoni.

“Shikamoo, mzee,” akaniambia.

“Marahaba. Wamekuonea?”

“Hapana. Nimekosa, nimelipa, yameisha. Wale mama wanajua mtu akikosa afanywe nini. Mimi ofisini niliambiwa asiye na kibali asipige picha. Nikauliza, je, akipiga? Wakacheka, wakanipa rungu.”

Mtoto wa yule dada alizaliwa salama, na mgambo akaenda kumpa hongera, akapokewa, akanywa chai.

Jumamosi ya kifo chake, maharusi walikuwa na kibali. Vibali vya pale huandikwa saa, na chao kilianza saa nne kikaisha saa sita. Sasa ninyi mnajua misa ya ndoa ya kwetu: mahubiri hayaishi, kwaya hairidhiki na wimbo mmoja, matoleo yanachezwa kuanzia mlangoni mpaka altareni. Walifika bustanini saa saba. Aliyenisimulia ni mpiga picha wao mwenyewe. Mgambo aliwaambia muda umekwisha, waende ofisini wakaandikiwe upya, na ofisi Jumamosi imefungwa.

“Afande, dakika tano tu,” bwana harusi akaomba. “Bibi harusi ametoka Dongobesh, na mvua hiyo inakuja.”

“Muda umekwisha, kijana.”

Mpiga picha akainua kamera. Rungu likaja, akakwepa, likampata bibi harusi mdomoni. Alitema jino, na damu ikashuka kwenye gauni mpaka kiunoni. Bwana harusi akavua koti, akamkabidhi mdogo wake, akainama akang'oa jiwe. Rafiki zake nao wakang'oa. Mgambo alianguka katikati ya maua akisema, “Basi, nimekosa, nimekosa.” Walimsikia. Waliendelea kumponda mpaka uso ukawa hautambuliki.

Najua wapo watakaoniandikia kwamba aliyataka mwenyewe. Wasijisumbue. Alistahili kujibu kwa jino lile, na angejibu, maana alishawahi kukiri kosa na kulipa. Ofisi nayo imesema hakuagizwa kumpiga mtu. Kweli kabisa, na hakuagizwa kitu kingine chochote. Nimeisoma ile kanuni. Inaeleza kibali kinaombwa wapi, kwa ada gani, siku ngapi kabla. Haielezi asiye nacho afanywe nini, na pale palipoachwa wazi ndipo alipowekwa mtu mwenye rungu. Ndivyo tunavyoendesha masoko yetu, stendi zetu na misitu yetu, kisha tunashangaa watu wakitoka damu. Akina mama wa Kibarbaig tunawaita washamba, lakini siku waliyotoa hukumu yao damu iliyomwagika ilikuwa ya ng'ombe. Vijana waliosoma, waliovaa suti, walimwaga ya mtu.

Hasira hasara, na hasara hii haijamwacha yeyote. Bwana harusi yuko mahabusu na rafiki zake. Bibi harusi amerudi Dongobesh kwa wazazi wake, mdomo umeshonwa, na hata uji anaunywa kwa shida. Picha zake za harusi hajaziona. Mpiga picha hakuacha kubonyeza kamera tangu rungu lilipoinuliwa, na zote sasa ziko polisi, ni ushahidi. Anayetunga katazo aandike na faini yake palepale, aandike na kwamba mwili wa mtu usiguswe. Akishindwa kuandika hayo, asimpe mtu rungu.