Kwaya ya Makala

Séverin alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona watu watatu wamesimama pamoja bila kuwapanga kwa sauti. Miaka kumi na moja ya kuongoza kwaya ya parokia, kule mtaa wa Annexe, ilimwachia mkono wa kulia unaopunga wenyewe hata akisubiri mkate.

Sasa akapewa kazi. Ofisi moja ya utafiti ilitaka kujua bamama wa Annexe wanapikaje na makala, yaani mkaa. Waulizaji hawakuja. Ilikuja tablette, kompyuta bapa ya kushika mkononi, na ndani yake mashini yenye akili ya kutengenezwa na sauti ya binti mpole. Inauliza, inasikiliza, halafu inachimba jibu lako kwa swali lingine. Séverin alitakiwa kuwatayarisha bamama kumi na wawili: awaambie kwamba ile si mtu, kwamba swali lisilowapendeza wanaweza kulikataa, kwamba kila mmoja aseme ya kwake. Basi. Ikienda vizuri, angepewa kazi kama hiyo mbali kule Mitwaba, miezi sita, beji shingoni. Ikiharibika, Mitwaba angeenda mwingine, naye angerudi kupunga mkono bure mbele ya mkewe Benita na, Mungu amsaidie, mbele ya mama yake Benita.

Awaambie tu, basi! Mwambie samaki asiloe. Séverin aliandika kwenye ubao wa darasa la parokia jibu moja zuri, akawagawa bamama: sauti ya kwanza kushoto, ya pili kulia.

— Mashini ikiuliza mambo ya makala, tunajibu namna gani?

— Makala ni rafiki ya sufuria, lakini moshi yake ni adui ya mapafu!

— Albertine, mapafu! Usimeze mapafu!

— Maestro, ya kwangu moshi ilishaka kuyameza, alijibu Albertine, muuza sombe, yale majani ya muhogo, na sauti ya pili nzima ikavunjika mbavu.

Siku tatu aliwazoeza hivyo bamama kumi na mmoja. Wa kumi na mbili hakuonekana. Orodha ilipangwa na ofisi, nyumba kwa nyumba, na ofisi haijui ukwe: wa kumi na mbili alikuwa Mama Mwelwa, mama yake Benita. Kwao, mukwe hamtazami mama mukwe usoni, hakai naye chumba kimoja. Akimwona barabarani anakata kona, hata kama kona yenyewe ni mtaro. Sasa utamwambiaje panua mdomo? Séverin alimtuma Benita amfundishe mama yake, na Benita, mikono ndani ya sabuni, alijibu "ndiyo" ile ya wake, yenye maana ya "niache".

Siku ikafika. Bamama waliingia darasani mmoja mmoja. Baada ya wa tano, simu ililia. Ni Madame Bénédicte, mkubwa wa utafiti, aliyekuwa anafuata majibu kutoka ofisini.

— Séverin, hii ni enquête ya kuuliza bamama ao ni misa? Bamama batano, jibu moja! Mashini inauliza "jana ulipika nini", anajibu "adui ya mapafu"!

— Madame, ile njo umoja ya bamama...

— Umoja gani? Kama leo hakuna ata moja mwenye kusema ya kwake, Mitwaba usahau.

Séverin alikimbia kwa waliobaki: sahauni yote! Lakini nani amewahi kusahau wimbo kwa amri? Sita wengine waliingia, sita wakatoka wanang'aa.

— Ata virgule, ata nukta sikuacha, maestro! alisema Albertine.

Hapo Mama Mwelwa akatokea na fimbo yake. Séverin, kwa heshima yote, aliruka dirisha, akajibanza chini yake, ndani ya matembele ya padri.

— Habari, mama, ilisema mashini. Mimi ni mashini, si mtu. Unakubali tuzungumze?

— Weye mutoto ya nani, unasalimia mukubwa umelala pa meza?

— Sina wazazi, mama.

— Pole. Uliza basi.

— Jana ulipika nini?

— Bukari ya mahindi na sombe. Na makala ya kulowana, inalia tu kulia. Ule wa makala anawekaka kubwa-kubwa juu ya mufuko, chini vumbi.

— Kwa nini unaendelea kununua kwake?

— Juu ya vile anasikilizaka taabu yangu. Makala yake mubaya, masikio yake muzuri.

Kule chini, Séverin aliuma mkono wake, ule wa kupunga.

— Kuna jambo lingine ungependa kusema?

— Iko. Mukwe yangu eko chini ya ile dirisha. Alifundisha benzangu uongo kwa sauti mbili. Miye hakunifundisha juu ya kuniogopa. Umuambie atoke mu matembele ya padri.

Simu ililia ndani ya matembele. Madame Bénédicte alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

— Mitwaba utaenda. Lakini ule mama njo atatayarisha bantu. Weye utabeba tablettes.

Siku ya safari, kiti cha mbele cha jeep alikaa Mama Mwelwa, beji shingoni. Séverin alikaa nyuma kabisa, juu ya mizigo, amegeuza mgongo kama desturi inavyotaka, vumbi lote la barabara usoni.

— Chauffeur, alilia, ambia mama afunge dirisha, vumbi inanimaliza!

Mama Mwelwa hakugeuka.

— Chauffeur, muambie aimbe: vumbi ni adui ya mapafu.