Nani Atutangazie Mpira

Mimi nikikasirika sinong'oni. Matiliku nzima inajua, na hata wateja wanaoniletea nguo za kupunguza kiuno huniangalia uso kwanza kabla hawajalalamika. Kwa hivyo niliposikia kwamba mashabiki wataitana kujadili kama ndugu yangu aendelee kututangazia mpira au kazi wapewe watu wa redio ya Kitui, nilifunika cherehani nikasema, haya, leo watanijua.

Timu yetu ni ndogo. Hakuna runinga inayoweza kuipotezea hata dakika moja. Ikicheza mbali, sisi tuliobaki sokoni tuliifuata kwa redio yetu ndogo, kwa Kikamba, na sauti ilikuwa ya ndugu yangu, kitinda mimba wa mama yetu, ambaye mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Hakuwa na kibanda wala kiti. Alisimama nyuma ya goli na simu sikioni, na kule studio mtu alishika simu nyingine mbele ya maikrofoni. Mpira ukienda upande ule wa mbali alikuwa anakisia tu. Ametupa kona nyingi ambazo hazikuwa kona, nasi tulimsamehe, kwa sababu ukimsikiliza ulikuwa unaona.

Shida ilikuwa neno lake. Mpira ukiingia wavuni hakusema goli kama watangazaji wengine. Alipiga kelele, "Thika! Thika!" Kwa Kikamba ni zika. Kipa amezikwa, twende nyumbani. Watoto wakaliokota wakacheza nalo, wapakiaji wa maembe wakitupa kreti kwa lori wanasema thika, na hata pasta wetu Jumapili moja alisema shetani amethikwa na kanisa likacheka mpaka kina mama wakajipangusa macho.

Halafu kipa wa timu ya Kasikeu, ambaye ndugu yangu alikuwa amemzika mara kadhaa katika mechi moja, akaanguka na bodaboda wiki hiyo hiyo, akafa. Vijana huanguka na bodaboda kila siku, woi, hiyo nani asiyejua? Lakini kwa matanga mtu alicheza sauti ya ile mechi kwa simu yake, na wenye kusikia wakaanza kuhesabu alizikwa mara ngapi. Baadaye kidogo beki wetu wa zamani aliagwa uwanjani kwa kustaafu, na ndugu yangu kwa mapenzi akasema redioni, huyu mzee leo tunamzika kwa heshima. Sukari ilikuwa imemla huyo mtu kwa miaka mingi. Tulipomzika kweli, hakuna aliyetaja sukari. Mwenye bucha aliye mkabala na kibanda changu aliniambia akifuta kisu, "Fundi, lisemwalo lipo. Kama halipo, laja." Nikamwambia aendelee kukata mifupa.

Basi redio ya Kitui ikaja wakati huo huo kuomba haki ya kutangaza mechi zetu. Wao wangeleta mtangazaji wao na gari lao, na jezi mpya kwa wachezaji. Uongozi wa timu ukasema mashabiki waamue.

Tulikutana katika darasa la shule ya msingi baada ya kanisa, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyeongoza. Mwanzo mambo yalikuwa matamu. Mtu akasema redio ya Kitui inashika mpaka Malili kule barabara kuu na zaidi, kwa hivyo watoto wetu watasikika barabarani kote. Mwingine akamjibu, "Na hicho Kikamba chao cha huko kwao nani atatutafsiria?" Darasa likacheka. Mzee mmoja akasema kama ni hivyo basi hata mkwe wake arudishwe Kitui, maana wameishi pamoja miaka yote bila mkalimani. Mimi nikasema redio yetu ilitutangazia tukiwa wa mwisho kwenye ligi, sasa tukipanda kidogo tunaona aibu nayo? Wakanipigia makofi. Nikajua tumeshinda.

Hapo ndipo mwenye bucha aliposimama. Hakupaza sauti. Alisema yeye hana neno na redio, ana neno na mdomo. Alisema kuna watu waliozaliwa na mdomo, wakitamka jambo linatokea, si makosa yao, lakini mtu wa namna hiyo hapewi kazi ya kutaja watoto wa watu. Kisha akasema kama ndugu yangu anajua hana kitu, ale kithitu mbele yetu, na sote tutatulia.

 Kithitu ni kiapo cha zamani, ukikila kwa uongo kinakumaliza wewe na wa nyumba yako, na watu wa kwetu, hata waliookoka wakabatizwa mtoni, hawakitaji ovyo. Mama mmoja wa kwaya akasema shindwe, lakini alisema chinichini.

Mimi nililipuka. Niliuliza kama tumetoka kanisani au tumetoka kwa mganga. Niliwaambia huu ni upuzi mtupu, kwamba kipa aliuawa na pikipiki bila breki, na kama maneno yanaua basi mimi ningekuwa nimeshamaliza wateja wote wasiokuja kuchukua nguo zao. Wachache walicheka. Nilimgeukia mwenye bucha nikamwambia mwanangu mwenyewe anachezea timu hii, na namtaka mjomba wake amtaje, amtaje kwa sauti, na anayeogopa aogope.

Ndugu yangu alisimama mwisho. Alikuwa amenyoa, amevaa shati nililomshonea. Akasema hawezi kula kithitu kwa sababu ya imani yake, lakini kama wanataka aache, ataacha. Mikono ikainuliwa, na kwa tofauti ndogo sana tukabaki na redio yetu. Nilimkumbatia pale pale. Mwili wake ulikuwa baridi.

Wiki iliyofuata mama za wachezaji walianza kumtembelea. Walikuja mmoja mmoja, na salamu nzuri, wengine na maziwa ya mgando kwenye chupa. Hawakumlaumu. Walimwomba tu asiwataje watoto wao. Na yeye aliwakubalia wote, kwa upole huo huo wake, mpaka nilipomuuliza atatangaza vipi akaniambia atatumia namba za jezi. Mama wa kwaya akaja na kwangu. "Mama, na wewe kamwambie," akasema. "Kijana wako ni mmoja tu." Nikamjibu kwamba mwanangu ana jina, nilimpa mimi. Akaondoka bila kuaga. Mwenye bucha, aliyekuwa amesikia yote, akasema toka upande ule wa barabara, "Ndivyo walivyosema wazee. Mchawi mpe mwana amlee." Nilimtukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa.

Mechi ilikuwa Jumamosi, huko Kitui. Soko lilijaa lakini redio zote zilikuwa kwenye nyimbo za injili. Kinyozi, duka la mbegu, hoteli, wote. Walikuwa wameelewana bila kuniambia. Haya basi. Nilitoa redio yangu nje, nikaiweka juu ya stuli mlangoni, nikafungua sauti yote mpaka spika ikakwaruza, kisha nikakaa kushona nikiwapa mgongo.

Mwanzoni ilikuwa kama mchezo wa hesabu. Namba nne kwa namba nane, namba nane kwa namba kumi na moja. Nilicheka peke yangu. Kisha likatajwa jina la mwanangu. Kwa mara ya kwanza nilisikia lilivyo. Kati ya namba zote zile, lilikuwa jina moja tu. Namba sita kwa namba tatu, na kisha mwanangu. Namba tisa, na kisha mwanangu. Mguu wangu ukaacha kukanyaga cherehani. Niliona watu wamesimama mbele ya duka la mbegu, hawanunui kitu, wananiangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniingia. Wangenicheka ningejua la kufanya.

Nilijiambia ni upuzi. Nililisema kwa mdomo, "Upuzi." Kipindi cha pili kikaanza na ndugu yangu akasema mwanangu amepata mpira katikati, amempita mmoja. Sauti ilikuwa inapanda, ile sauti yake ninayoijua tangu akiwa mtoto akinihadithia mambo ya shule. Amempita wa pili. Amebaki na kipa. Mwanangu, akasema, mwanangu, maana anamwita hivyo hata nyumbani, mwanangu huyo, anaingia.

Niliruka na mkasi ungali mkononi nikaizima redio.

Ng'ambo ya barabara mwenye bucha alikuwa amesimama na nyama begani. Nilingoja aseme kitu. Nilitaka aseme kitu. Aliinamisha kichwa, akaingia ndani, akavuta mlango. Watu wa duka la mbegu wakatawanyika polepole. Nilichukua redio na stuli nikaingiza ndani, na sikuiwasha tena. Sikujua hata mechi iliishaje.

Mwanangu alifika jioni, jua likiwa bado, miguu imejaa vumbi jekundu. Nilimshika mabega, nikamgeuza, nikamwangalia magoti, kichwa, kila mahali, kama mtu anayekagua mbuzi kabla ya kununua. Akaniuliza ninatafuta nini. Nikasema hakuna.

"Ulisikia goli langu?"

Nikamwambia betri zilikwisha.

Akakaa kwenye ndoo aliyoigeuza, akaanza kufungua kamba za viatu. Akasema hakuna mtu aliyesikia. Huko njiani alimpigia rafiki yake wa studio, na rafiki akamwambia walidhani simu imekatika, kulikuwa na upepo tu. Lakini simu haikukatika. Alipofunga, aliacha wenzake akakimbia nyuma ya goli, kwa sababu hilo ndilo alilokuwa akilingoja tangu achukuliwe na timu, aitwe na mjomba wake, asikike mpaka kwetu.

"Nilimkuta amejiziba mdomo, Mama. Hivi." Akaniwekea kiganja chake mdomoni, mdomo wangu si wake, na kilinuka ngozi ya mpira. "Simu iko sikioni na machozi yanatoka. Nikamwambia anko, nimefunga, sema. Akatingisha kichwa. Wakati wa kurudi hakupanda gari letu."

Nikasema mjomba wako amechoka, mambo ya mkutano yamemchosha. Nilisema mengine pia, haraka haraka. Aliningoja nimalize. Ana uvumilivu ambao hakuupata kwangu.

Kisha akaniuliza, bila hasira, kiatu kimoja mkononi, "Mama, wewe na anko mnajua nini juu yangu?"