Gurudumu la Makumbi

Makumbi ya nazi yakifukuliwa matopeni, baada ya kulala humo miezi, hutoa harufu ambayo wageni huizibia pua. Mimi huivuta. Juzi niliipata nikipita Kiegeani, nikasimama njiani kama mtu aliyesahau aendako, nikavuta mara mbili, maana mimi hata pumzi huhesabu. Papo hapo nikawa na miaka kumi, nimeketi barazani kwa Mama na gurudumu la baiskeli mapajani.

Nikueleze gurudumu lilifikaje hapo. Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Wazungu. Vita vyenyewe hatukuviona; tulichoona ni vitu kutuaga kimoja kimoja. Yaliondoka mafuta ya taa, zikaondoka khanga mpya, kisha likaondoka lori. Lilikuwa la tajiri mmoja mwenye mashamba ya minazi, likibeba mbata, yaani nazi zilizokaushwa, kwenda bandarini Kilindoni, na juu ya magunia ya mbata tulipanda sisi. Petroli ilipokatika likaegeshwa bandani, kuku wakahamia. Tajiri akakodi kila punda aliyeweza kusimama ili mbata isilale, na sisi wengine tukabaki na miguu yetu. Kirongwe, palipokuwa safari ya asubuhi moja, pakawa mbali kama Unguja.

Na Kirongwe ndiko alikoolewa dada yangu Mwanaidi. Alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mzazi. Binti hurudi kwao mwezi wa saba, hujifungua, hukaa arubaini, ndipo humrudia mumewe. Siku hizo nilikwisha kuzipigia hesabu: miezi miwili ya kungoja, na siku arobaini juu yake, dada akiwa kitandani kwangu tena, akinisuka na kunichekesha mpaka Mama agonge ukuta. Nilihesabu upya, zikatoka zilezile.

Tatizo lilikuwa miguu ya dada. Ilivimba, mkunga akamkataza kutembea mwendo mrefu. Ikabaki baiskeli ya Mjomba Faki, kaka yake Mama, ambaye tangu Baba alipofariki ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba yetu. Mipira ya ndani ya baiskeli haikupatikana dukani hata kwa dawa, kwa hiyo watu walijaza usumba ndani ya tairi, wakalishona kwa kamba. Usumba ni zile nyuzi za kumbi lililooza, likapondwa mpaka unga wake wote ukatoka. Kulipanda tairi hilo ilikuwa kama kupanda mlango, lakini lilikwenda.

"Njoo unijazie magurudumu," Mjomba aliniambia. "Una vidole vyembamba."

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Sema unachotaka."

"Twende wote Kirongwe."

"Na kurudi nitawapakia wawili?"

"Kwenda nitapanda. Kurudi nitatembea."

"Atakayekuoa wewe ana kazi," alisema, akakubali.

Usumba wa Mama ulitosha gurudumu la mbele. La nyuma nililijaza nusu, ukaisha. Makumbi mengine yalikuwa bado matopeni, hayajaiva, na safari ilikuwa kesho. Nikipungukiwa gurudumu, nimekosa safari. Basi nikayaendea makumbi makavu ya kuwashia moto, nikayachanachana na unga wake wote, nikashindilia, kisha nikatandaza usumba mzuri juu yake, kama muuza embe anavyopanga zilizoiva juu ya fungu. Mjomba akalibonyeza kwa kidole gumba. "Gumu. Vizuri."

Tulifika Kirongwe salama. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi tukamketisha dada juu ya mto nyuma ya baiskeli, Mjomba akaikokota, mimi nikafuata na furushi la nguo kichwani, nikiimba. Hatujaenda mbali tukaingia bonde la mpunga, maji yakafika kwenye vifundo vya miguu.

Sasa, usumba hulowa ukakauka. Lakini kumbi lenye unga wake hunywa maji kama ngamia, na likinywa huvimba. Gurudumu la nyuma likaota shavu, kama mtu mwenye jino bovu. Kamba ikakatika, tairi likachanika toka upande hadi upande, chuma kikapinda. Mjomba alimdaka dada asianguke. Kisha akachutama, akachota kiganja cha uji wa makumbi.

"La mbele nani alijaza?"

"Mimi."

"Na la nyuma?"

"Mimi."

"Hapana. La mbele alijaza mtu mwenye akili. Nakuuliza la nyuma."

Nikaokota kamba iliyokatika. Tairi jingine halikuwepo kisiwani, na punda walikuwa chini ya mbata. Wanaume wanne wa Kirongwe wakaja na kitanda cha kamba, wakamlaza dada, wakambeba kumrudisha kwa mumewe. Akainua kichwa. "Usilie, Zuhura. Njia zikikauka nitakuja."

Hazikukauka mapema. Mtoto alizaliwa kulekule. Kwa Mama, Mjomba alisema tairi lilikuwa kuukuu, na kwangu hakulitaja tena.

Vita vilipokwisha kuku walifukuzwa, lori likarudi barabarani. Dada naye akaja, lakini alikuja kama mgeni: ana watoto watatu, ana kikapu, ana jicho moja kwenye jua asiachwe na gari. Hatukulala tena kitanda kimoja. Miaka mingi nilizililia siku zangu arobaini, na kwa hesabu yangu aliyepoteza ni mimi.

Kisha nami nikarudi kwa Mama kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Siku ya tatu baada ya kuzaa alinikanda kwa kitambaa na maji ya moto kama ilivyo ada, akikandamiza tumbo na kiuno kwa nguvu zake zote, nami nikapiga mayowe, nikamwita muuaji, nikamsukuma mkono. Alicheka, akachovya kitambaa, akaendelea. Halafu kicheko kikamwisha.

"Mwanaidi alikandwa na mkwewe," alisema. "Waliniambia alikuwa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Wakamsifu."

Akakamua kitambaa.

"Kwa mkwe, mwanangu, utapigaje kelele?"