Mpamba Picha wa Kona ya Musa

"Ile mashine yake humeza picha, shoga, usije ukalia," jirani yake Jacinter alikuwa amemwonya Mumbe. Lakini picha ya marehemu mwanawe ilikuwa hiyo moja tu, na mchwa walikuwa wameshaila ubavuni, pale mkono wake Mumbe ulipokuwa umempakata mtoto. Akaipeleka hivyo hivyo kwa dada mpamba picha wa Kona ya Musa. Dada yule husema na kompyuta kwa sauti ya chini, kama anayebembeleza mtoto: "Haya, kunja... sasa tia kivuli." Maagizo huiandikia mwenyewe, mstari kwa mstari, kisha hufuta vidole kwenye leso, hubonyeza mara moja tu, na maua na tepe za albamu hujichora zenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Siku hiyo aliilaza picha ndani ya skana, ile mashine ya kunakili picha, akaifunika; stima ikafifia, taa zikapungua mwanga, Mumbe roho ikampaa, kisha stima ikarudi. Utepe wa buluu ukajikunja, ukaziba palipoliwa. Mtoto akabaki anaelea, hana aliyempakata. Dada akaufuta utepe wote. Akafunua kifuniko cha skana, akaitoa ile picha taratibu. "Mamangu, samahani," akasema. "Ulaze mkono wako hapa kwenye kioo, vile ulivyokuwa umempakata."